Mwandiko Mmoja

Alfajiri nilivunja gudulia lililopinda tanurini.
Sosikle angeling'ang'ania, angesema litapata mnunuzi,
mlevi asiyekagua kitako.
Lakini Sosikle amelala kwenye uwanda wa shamari,
kilima kimoja na wenzake wote,
tangu mwaka ule Waajemi waliposhuka majini,
na mimi, Timareta, nimebaki na udongo, msumari,
na herufi alizonifundisha masika moja
tulipokuwa hatuna jua la kukaushia vyungu.

Leo soko limezungushiwa mbao. Milango kumi,
kabila kwa kabila, wanaume watupu.
Kila mmoja aingie na kigae, na juu yake jina moja.
Kura zikitimia elfu sita
atakayeongoza atafunga mizigo,
miaka kumi asionekane Athene.
Shamba lake halitaguswa, mkewe hatatukanwa.
Ni kumpunguza mtu kimo tu, wanasema.

Wanakuja na mikono ya ngozi, ya samaki, ya chokaa.
"Niandikie."
"Nani?"
Kwanza wanatazama nyuma.
"Thersandro."

Herufi ya kwanza ya jina hilo ni gurudumu,
duara lenye njia panda ndani yake.
Wafoinike walituletea alama hizi
pamoja na rangi ya zambarau na madeni;
zilikuwa mifupa mitupu,
sisi tukazitia irabu, zikapumua.
Sosikle alisimulia hivyo kana kwamba alikuwepo.

Na kosa la Thersandro?
Fedha ilipopatikana Laurio,
mshipa mnene, watumwa wakiufuata kwa magoti
na taa ndogo kama ganda la kombe,
yeye alisema igawanywe, drakma kumi kila raia.
Wengine wakasema: merikebu.
Merikebu zikashinda.
Mimi nilikuwa nimeshazipangia zile kumi za mwanangu: paa.
Sasa Teleso anajifunza kupiga kasia, viganja vimemchubuka,
na paa linavuja palepale.

"Niandikie Thersandro."
Gurudumu. Kitana. Kijimkia.
Ishirini, arobaini, mia na kitu.
Wengi wao hawasomi. Ningeweza kuandika yule wa merikebu,
ningeweza kuandika *punda*,
wangelibeba hadi mlangoni kwa heshima zote.
Msumari ulinitetemeka mara moja.
Nikaandika nilichoambiwa.
Kura sina, nina mwandiko,
na mwandiko ukiongopa leo
kesho utaulisha nini?

~

Kisimani, mita saba chini ya maegesho ya magari,
Stamatia anasafisha kigae cha themanini na tatu kwa mswaki wa meno.
Herufi ya tatu ina mkia. Tena ina mkia.
Ule ule, umepinda kushoto kama mtu aliyeitwa.
Anaandika daftarini: *Mkono mmoja.*
Kisha, kwa mazoea: *Mwandishi, mwanamume. Huenda fundi.*
Kahawa yake imepoa. Anahamia kigae kingine.

~

Jioni Teleso alirudi akinuka lami.
"Ameondoka," alisema. "Alipita bandarini na mbwa wake.
Hakuna aliyemzomea."
Akala dengu zote, akalala na viatu.

Nilivitupa vilivyobaki kisimani,
fungu zima la magurudumu,
nikasikia maji yakivipokea kimoja kimoja, bila kuhesabu.
Kilisalia kitupu kimoja, chembamba, mfano wa pezi la samaki.
Sijui kwa nini nilichukua msumari.
Sijawahi kuliandika jina langu;
nani angelihitaji?
Lilitoka limebanana, herufi ya mwisho ikaninginia ukingoni.
Nilikigeuzageuza. Milango kumi,
na saa hiyo walikuwa wameshazing'oa mbao.

Chupa ya mafuta haikuwa na kifuniko.
Kilikaa sawasawa,
jina likitazama chini, ndani, kwenye mafuta.